Bei ya Kuangusha Msufi

Sapatu ilitoka dirishani ikamgonga Célestin begani. Mkata miti aliruka nyuma, shoka likamponyoka.

“Mwizi!” Zaina alifoka kutoka nyuma ya pazia. “Cherehani yangu kwa muti moja? Muti moja! Uko na haya kweli?”

Célestin aliokota shoka, akamgeukia Alfani, shemeji wa Zaina, ambaye ndiye aliyekwenda kumwita kwa baiskeli mpaka kijijini Bengamisa.

“Papa Alfani, mi nilisema bei mbili. Mama atoke nje, nakata muti kwa chini, navuta na kamba ianguke kando, munanipa mbuzi, nakwenda. Akibaki ndani, siwezi: kamba ikikatika, muti inaanguka juu ya mutu. Itabidi kupanda, kukata tawi kwa tawi, kushusha na kamba. Iko kazi ya juma nzima. Alors, hiyo ni cherehani.”

Pesa za karatasi hakutaka hata kuziona. Tangu waasi wa Simba wachukue mji, nani alikuwa na akili ya kupokea karatasi?

Na msufi wenyewe, lo! Watu watatu hawakuweza kuukumbatia. Dhoruba ya mwezi wa kumi iliupasua shinani, ukainamia nyumba ya Zaina, na kila upepo ukipita ulikuwa unalia. Dhoruba nyingine moja tu, na bati, kuta na mwenye nyumba wangekuwa kitu kimoja. Majirani walijua. Zaina mwenyewe alijua, maana vumbi la ukuta lilikuwa linamdondokea chakulani.

“Basi toka!” Alfani aliliambia pazia. “Siku moja tu. Utalala kwa muke wangu, hakuna mwanaume atakuona.”

“Niko ndani ya eda. Siko natoka.”

“Eda haikusema ufe!”

“Siko natoka, shemeji.”

Mume wa Zaina, Feruzi, alikuwa karani wa posta. Simba walipoingia mjini mwezi wa nane walikuwa wanawasaka makarani, na Zaina ndiye aliyerudi kutoka mtoni siku ile, mikono kichwani, akipiga kelele kwamba mumewe wamemmaliza, wamemtupa majini. Maiti haikuonekana. Wakamsalia hivyo hivyo. Zaina akavaa nyeupe, akaingia ndani kukaa eda, na tangu hapo hakuna mwanaume aliyevuka kizingiti chake. Hata Simba wenyewe, waliopekua mtaa mzima wakitafuta redio, pale walisimama mlangoni, wakarudi. Kumgusa mjane wa eda kungeharibu dawa yao ya kuzuia risasi, na mchezo huo hawakuutaka.

Alfani alikwenda kumleta Malimu Asumani wa msikitini. Mzee alisimama uani, akautazama mti kutoka shina mpaka kilele, akaguna.

“Binti yangu, hii ni dharura. Dini inakuruhusu kuhamia nyumba nyingine. Hata leo.”

“Ahsante, malimu. Siko natoka.”

Malimu akaenda zake akitikisa kichwa. Hapo Alfani alishindwa kujizuia. Alipiga ukuta kofi mpaka mkono ukamwasha.

“Kichwa ngumu, wewe! Nimemsalia ndugu yangu bila mwili, bila kaburi. Sasa unataka nikufukue na wewe chini ya matofali? Na ile cherehani ndiyo kitu pekee Feruzi alikuachia! Ukimaliza eda utakula nini? Maana kula unajua! Muke wangu anajaza sahani ya lituma ya ndizi za kuponda mpaka inamwagika, inarudi imelambwa. Hiyo ni huzuni gani?”

Zaina alijibu kwa hasira kutoka nyuma ya pazia.

“Unafikiri mi sipendi cherehani yangu? Unafikiri naitoa kwa furaha? Mupe huyo mwizi. Apande.”

Célestin akapanda na mwenzake. Juma zima shoka lililia juu ya bati, na matawi yalishuka moja moja kwa kamba kando ya ukuta. Wanawake wa mtaa walipita wakisonya: mjane gani huyu mwenye kiburi, anatupa mali ya marehemu ili asitembee hatua mbili? Alfani alikuja kila asubuhi, akasimama uani mikono kifuani, bila salamu.

Kisiki kilipobaki peke yake, mikono miwili ilitokeza chini ya pazia la mlango, ikaisukuma cherehani nje ya kizingiti. Ilichelewa kidogo kuiachia. Célestin akajitwika mali yake kichwani, na hakuna aliyemwambia kwaheri.

“Bon, mi nimemaliza na wewe,” Alfani alisema. “Chakula utaletewa, kwa sababu Feruzi ataniuliza siku ya kiyama. Lakini shemeji, usiniite tena.”

Akaweka sahani ya lituma kizingitini, akaondoka. Zaina alimtazama kupitia upenyo wa pazia mpaka alipokata kona, na machozi yalikuwa yanamtoka. Yule alikuwa mtu mwema, na hakustahili kutendewa hivyo.

Kisha aliingiza sahani ndani, akatia komeo, akapiga magoti mbele ya kitanda na kuisukuma uvunguni.

“Kula, marehemu,” alisema kwa sauti ya chini, meno yameumana. “Na siku Simba watatoka mjini, utaninunulia cherehani yangu, ama nitakuzika kweli.”