Glavu za Shekue

Siku hizi kila chombo kikiwashwa humtaja fundi wake, kwa alama za vidole vilivyokishika. Ndiyo maana Bi Mwanakombo, alipolifufua lile gari kuukuu la mbio la Kiingereza uani kwao Tanga, mumewe Shekue alimsihi avae glavu zenye alama za vidole vyake yeye mume.

Wageni walipojaa, Shekue akaliwasha.

"Fundi wangu ni Shekue," gari likasema.

Wakampigia makofi. Uso ukamshuka.

Mkewe akaleta kahawa. "Kitendawili."

"Tega," wageni wakaitika.

"Nimelima mimi, jembe likamtaja mwingine."

Wakamgeukia Shekue. Jibu alilijua.

"Nakupa mji," akanong'ona. "Chukua Lushoto."

Mwanakombo akaupokea mji, akamimina kahawa. Wageni wakangoja jibu mpaka vikombe vikapoa.