King'ora cha Kiwanda

King'ora cha kiwanda kililia juu ya Likasi, na mkono wa Colette ukashika mwiko kabla hajafikiri. Kilikuwa kimya miaka minne, tangu kiwanda kifungwe. Zamani kikilia hivi, mtaa mzima ulinukia bukari ya moto, ugali wa mahindi, na wanaume walitoka wakicheka, gameli ya chakula mkononi.

Lakini leo kilikuwa kinajaribiwa tu. Asubuhi bombani yeye na wanawake wenzake waliambiana: mnunuzi wa vyuma chakavu amekuja kukibeba.

Mume wake akatoka chumbani. Alikuwa amevaa salopeti yake ya buluu ya kiwandani, nayo ilimpwaya.

"Mama, unasikia? Banatuita! Miye nilisemaka, batatukumbuka!"

Colette akafungua mdomo kumwambia ukweli. Akaona vidole vya mumewe vikikosea kifungo cha shingoni, akamfungia. Kisha akaikomba bukari yote ya sufuriani, na ile aliyojiwekea mwenyewe, akaijaza kwenye gameli.

"Enda mbio, baba. Utachelewa."

Akamsindikiza hadi mlangoni. Mtaa ulikuwa umejaa wanaume wa salopeti za buluu, na kwenye kila mlango alisimama mwanamke aliyekuwa bombani asubuhi, akimpungia mumewe mkono.