Mkwe wa Mchoraji

"Inuka! Hicho si kiti!"

Mpima ardhi aliruka kama aliyekalia siafu. Kilikuwa na miguu minne na mgongo wa kuegemea, tena kimewekwa kivulini nje ya duka. Lakini kumbe, mwenye duka alimweleza, kilikuwa kazi ya sanaa iitwayo "Upweke, Namba Tatu". Namba moja na mbili zilikuwa ndani, zimefungiwa zisije zikakaliwa.

Aliomba radhi, akajifuta jasho, akaendelea kupanda ngazi za kijiji na kikapu chake cha matunda. Tangu ateremke kwenye boti alikuwa hajaona mtu akifanya kazi ya kueleweka. Wavu ulikuwa umetundikwa ukutani, umepakwa rangi ya dhahabu. Mtumbwi ulining'inia darini mwa mgahawa, tumbo juu. Samaki wa kisiwa hiki, aliwaza, lazima wanakufa kwa uzee.

Lakini hakuja kucheka watu. Alikuja kuposa. Mchumba wake alitangulia juzi kumlainisha baba yake, mzee mchoraji mwenye hasira za karibu, ambaye wanaume wawili waliotangulia kumposa bintiye aliwarudisha bara kwa boti ya jioni ile ile. Kabla simu haijakatika, maana simu za kisiwani hushika mtandao zikijisikia, mchumba alimwachia wosia mmoja.

"Nimekupamba kidogo kwa baba. Akisema lolote kuhusu wewe, itikia tu. Tafadhali, mpenzi, usiniumbue."

Tatizo likawa nyumba. Kuulizia nyumba ya mchoraji katika kijiji kile ni kama kuulizia mwenye pua. Naye, ambaye kazi yake ni kuwaonyesha watu mipaka yao ilipo, alizunguka vichochoroni hadi akajionea haya. Mwisho alimsimamisha mfinyanzi mmoja, mama mwenye udongo hadi kwenye nyusi.

"Shikamoo mama. Namtafuta mzee mchoraji, mwenye binti."

"Marahaba. Yule anayemsubiri mkwe leo?"

"Ndiye huyo! Na mkwe mwenyewe ni mimi."

Mama alimkagua, akaguna. "Haya. Mlango wa buluu, pale juu. Mungu akutangulie."

Mzee alifungua kabla hajabishiwa hodi. Ndevu zake zilikuwa na rangi ya kijani na nyekundu. Mvi zilijitafutia nafasi palipobaki.

"Hatimaye! Ingia, mwanangu. Mwenzio yuko chumbani, anajipamba tangu asubuhi. Keti."

Mpima ardhi alikitazama kiti mara mbili. "Hiki kinakaliwa, baba?"

Mzee alicheka hadi akakohoa. Mambo yalikuwa yameanza vizuri.

"Nasikia huli samaki," mzee alisema.

Mezani palikuwa na samaki mzima wa kuoka, harufu yake inapenya hadi kwenye mifupa. Mpima ardhi hakuwa ametia kitu kinywani tangu alfajiri, na alipenda samaki kuliko baadhi ya ndugu zake. Lakini wosia ni wosia.

"Sigusi, baba," alisema, akimeza mate.

Akaletewa bakuli la majani ambayo hata mbuzi angeomba muda wa kufikiri.

"Mambo yenu ya siku hizi, kupendana kwenye simu, mimi siyaelewi," mzee aliendelea. "Lakini binti yangu akiamua, ameamua."

"Ni kweli, baba." Kwani si waliongea kila usiku hadi simu zikapata moto?

"Na kinanda, nimeambiwa, unakipiga vizuri kabisa."

Mpima ardhi alimlaani mchumba wake kimoyomoyo. Kupamba ni kupamba, lakini hiki kilikuwa kilemba cha ukoka. "Najaribu, baba."

"Kile pale."

Kweli, kilikuwa pale konani, kimefunuliwa, kinamngoja. Alikaa, akavuta pumzi, akavishukia vibonyezo kama mtu anayeua mende jikoni. Alipiga vyeupe, akapiga vyeusi, akaegemeza kiwiko kwa bahati mbaya, na alipochoka akaacha.

Alijiona ameshakaa kwenye boti ya jioni.

Alipogeuka, mzee alikuwa analia.

"Marehemu mke wangu angekuelewa," mzee alisema. "Wengine wote wanapiga nyimbo. Wewe umepiga uchungu wenyewe."

Hapo kitu kikamgeukia mpima ardhi rohoni. Alikuwa amekuja na asali ulimini na kejeli moyoni; sasa alijikuta amemshika mzee yule mabega, machozi yakimlengalenga. Baba yake mwenyewe hakuwahi kumsifu hata kwa jambo alilolifanya vizuri. Aliapa kwamba ndoa ikifungwa atajifunza kinanda kweli, na samaki atamla kwa kujificha, kama mlevi.

"Baba, nakuomba binti yako," alisema, na safari hii hakuwa anaigiza. "Nitamtunza."

"Nimekupa, mwanangu. Kwa mikono miwili." Mzee alijifuta macho kwa kitambaa cha rangi, akazidi kujichafua, kisha akageukia mlango wa ndani na kupaza sauti. "Njoo! Mwenzio amefika, na mimi nimeridhika. Mkikataana sasa, shauri yenu!"

Mlango ulifunguliwa. Akatoka mwanamke mrefu mwenye gauni la kijani, ambaye mpima ardhi hakuwahi kumwona maishani mwake. Alimtazama mgeni kutoka utosini hadi kwenye viatu, taratibu, kama anayelinganisha. Kisha akatabasamu.

"Afadhali," alisema. "Kwenye picha ulikuwa na upara."