Masizi ya Miaka Mitatu

Uvumi ulimfuata Tumpe kutoka sokoni mpaka mlangoni: watu wa nyumba moja mtaa wa chini walilala moto ukiwaka, dohani, njia ya kutolea moshi, imeziba, na asubuhi hakuamka mtu.

Sebuleni ukungu ulikuwa umeshaingia. Binti yake, Sekela, alitetemeka kando ya meko.

"Washa moto, mkwe wangu, mtoto anaganda," alisema bibi yake Sekela.

"Mama, dohani tuliisafisha lini?"

"Mwaka ule Sekela alipoota meno."

"Miaka mitatu! Wenzetu husafisha kila mwaka kabla ya kipupwe."

Bibi akacheka. "Kwani dohani nayo inaoga?"

Tumpe alifunga ufagio kwenye ufito mrefu, akausukuma juu ndani ya dohani. Masizi yakashuka taratibu, laini kama manyoya, chumba kikawa kama cha ndotoni. Kisha kikadondoka kiota kizima cha ndege, na nyuma yake mwanga mwembamba ukatua usoni kwa Sekela. Bibi hakucheka tena.

Tumpe alichovya kidole kwenye masizi, akaandika ukutani:

Usipitishe mwaka bila kusafisha.
Usichome kuni mbichi.
Usichome plastiki.
Usizibe madirisha yote.
Usilale moto ukiwaka.