Tone Tamu, Tone Chungu

Tone lilikuwa tamu. Khulan alilionja tena kwa ncha ya ulimi, akiomba awe amekosea, lakini utamu ulikuwa uleule, kama maji ya sukari.

Akaifunga chupa yake, akafungua ya pili, ya Tserma, mama wa kitanda cha jirani. Hiyo ilimkunja uso. Chungu kama nyongo.

Alisimama mbele ya jokofu dogo la wodi. Dirishani moshi wa makaa ulikuwa umelimeza jiji la Ulaanbaatar, Mongolia, mchana kweupe. Ndani, nyuma ya ukuta wa kioo, vichanga waliozaliwa kabla ya wakati walilala kila mmoja kwenye kisanduku chake cha joto. Walikuwa wadogo mno, hata kupumua walikuwa wanasahau.

Juzi Daktari Gantulga hakuwaficha akina mama kitu. "Tuna dawa ambayo huenda ikawakumbusha kupumua," aliwaambia. "Huenda. Ndiyo maana tunaifanyia utafiti. Wengine watapewa dawa, wengine maji ya sukari. Nani kapata nini, hata mimi sijui. Matunzo mengine yote ni sawa kwa wote. Asiyetaka aseme, hakuna atakayemnunia."

"Na hiyo sukari itamkumbusha mtoto nini, daktari?" Tserma aliuliza. "Pipi?"

Wodi nzima ikacheka, na yeye na Khulan wakakubali.

Chupa zililetwa asubuhi hii, zimefanana kama mapacha, kila moja imevishwa shingoni kadi yenye jina la mama. Dozi ya kwanza ingetolewa jioni, kupitia mpira wa puani, moja kwa moja hadi tumboni. Ladha ingemhusu nani?

Khulan alizitazama zile kadi mbili.

Tserma alikuwa amevuka arobaini, muuza jibini kavu sokoni. Mimba mbili zilikuwa zimemharibikia kabla ya hii. "Huyu ndiye wa mwisho, mdogo wangu," alikuwa akisema huku akijipiga tumbo. "Kiwanda kimefungwa, wafanyakazi wameenda makwao." Khulan alipopasuliwa akashindwa kuinua mikono, Tserma ndiye aliyemchana nywele. Shali ya sufu iliyokuwa mabegani mwake sasa hivi ilikuwa ya Tserma.

"Wako ana mashavu," Tserma alimwambia jana, akitazama kupitia kioo kwa jicho la kutamani. "Wangu ana masikio tu, kama sungura."

Lakini alfajiri ya leo yule mwenye mashavu aligeuka bluu. Nesi Dulmaa alimpiga nyayoni kwa vidole, akampiga tena, akampiga tena, mpaka akalia.

Khulan akazivua zile kadi. Ya kwake akaivisha chupa chungu, ya Tserma akaivisha chupa tamu. Akafunga jokofu.

"Mbona umepauka hivyo?" Tserma alimuuliza aliporudi kitandani.

"Baridi tu, dada."

"Kunywa chai basi." Tserma alimmiminia chai ya maziwa na chumvi bila kumtazama usoni. Ilifurika kikombe ikamwagika mkononi mwake, naye hata hakushtuka.

Siku zikapita, na binti wa Khulan akazidi kukumbuka kupumua. Rangi ikamrudi, akaanza kunyonya mwenyewe. Mtoto wa Tserma alikuwa na siku nzuri na siku mbaya, kisha zikabaki mbaya tupu. Asubuhi moja, akina mama wakikunja mashuka, alisahau kupumua, na wala kupigwa nyayo wala mashine havikuweza kumkumbusha.

Tserma hakupiga mayowe. Alikaa sakafuni akirudia neno moja: "Ni mimi. Ni mimi. Ni mimi."

"Acha kujilaumu, mama," Nesi Dulmaa alimwambia, akimshika mabega. "Umefanya kila kitu."

Khulan aligeukia ukutani, akajiziba mdomo kwa ile shali.

Aliondoka hospitali na mtoto wake bila kuaga. Tserma akawa anampigia simu, leo, kesho, keshokutwa. Khulan aliacha ikaita. Mumewe alimuuliza ni nani huyo asiyechoka, akajibu kwamba ni mtu wa hospitali tu.

Majira ya joto yalipofika, Daktari Gantulga aliwaalika akina mama kuwapa majibu. Dawa imefaa, alisema. Kuanzia sasa watoto wote wa wodi ile watapewa. Watu wakapiga makofi. Khulan alitoka nje akatapika nyuma ya jengo, mtoto akicheka mgongoni.

Wiki hiyohiyo Tserma alitokea mlangoni mwa hema lao la duara, nyumba yao ya Kimongolia. Alikuwa amekonda, kilemba kimemlegea kichwani. Khulan alijua kilichomleta. Ameambiwa, au amekisia. Na afadhali iwe hivyo. Alikuwa amechoka kuibeba siri ile peke yake. Alimlaza mtoto, akasimama katikati ya hema.

"Dada Tserma, kuna jambo nililokufanyia..."

"Ngoja." Tserma alipiga magoti, akashika pindo la nguo yake. "Niache nianze mimi, la sivyo nitaondoka nalo tena. Unajua kwa nini simu zangu zilikuwa haziishi? Siku ile chupa zilipoletwa, asubuhi, ulipokwenda kuoga, nilizionja. Yangu ilikuwa tamu. Yako ndiyo iliyokuwa chungu. Nikabadilisha kadi, Khulan. Nilimwibia mwanao dawa, na mwanangu amekufa nayo tumboni."