Ngazi ya Rehani

Fundi wa mabati alipodai malipo ya awali, Afrakoma aliangua kicheko mpaka mchi wa kutwangia fufu ukamponyoka.

"Unanifananisha na jirani yangu? Alimpa fundi wa vigae hela, mpaka leo anaoga juu ya matope. Wajinga ndio waliwao, baba, na mimi simo."

"Mama, bila cedi mia tano mabati nitayanunulia nini?"

"Basi weka rehani."

Fundi akaitazama ngazi aliyokuja nayo. Ilikuwa ya alumini, ndefu, haina hata tone la rangi. Akashusha pumzi kama mtu anayeng'olewa jino, akaiegemeza ukutani. Afrakoma akampa pesa, kisha akaifunga ngazi kwa mnyororo kwenye nondo za dirisha.

"Haya, nenda. Usiporudi, naiuza!"

Alasiri mvua ikanyesha, paa likavuja, fundi hakuonekana. Afrakoma hakujali. Alikuwa akiipangusa ngazi yake kwa upindo wa kitenge, akitabasamu, jirani alipochungulia juu ya ukuta.

"Dada, mkimaliza nirudishie ngazi yangu. Fundi wako aliiazima asubuhi, akasema umemtuma wewe."

Kisha akakodoa macho.

"Sasa huo mnyororo wa nini?"