Seva Iliyopiga Nyimbo za Harusi

Siku hizi sheria hairuhusu mtu kujichagulia wimbo. Seva ya muziki ndiyo huchagua, baada ya kusikiliza mazungumzo ya nyumba na simu zake zote. Dukani, Mwanahawa alihangaika mbele ya seva tatu.

"Chagua rangi tu, dada," muuzaji alimwambia. "Zote zinasikia sawasawa."

Alichukua ya kijani. Wiki nzima ikapiga taarabu tulivu. Jumamosi, mumewe Shaibu alipoingia kutoka kazini, spika zikaanza nyimbo za kumpokea bwana harusi.

"Nani anaoa?" Mwanahawa aliuliza akicheka.

Shaibu hakucheka. Alivua viatu taratibu, kisha akasema, "Nilitaka nikwambie mwenyewe."

Mwanahawa aliikimbilia seva aizime. Ikaongeza sauti.